Siku Tuliyoifuata Jeju

Ndani ya meli,
Bandari ya Izuhara,
Kisiwa cha Tsushima.

22 Oktoba 2017

Mpendwa Kaka Seong-hwan,

Pokea salamu zangu kutoka baharini, ambako mkono unatikisika hata moyo ukitaka kutulia. U hali gani huko São Paulo? Kile kifua kilichokusumbua tangu Juni kimepona? Wifi yangu Marisa hajambo? Na Jun mdogo, je, ameshaanza kutembea, au bado anatambaa na kula karatasi zako za chuo? Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, mkiwa mezani, na jua lenu lile lisilojua Oktoba ni nini.

Mimi ni mzima wa mwili. Bibi yu hai. Nakuomba utosheke na maneno hayo machache kwanza, kwa sababu habari zake ndizo barua yenyewe.

Kabla sijaeleza lolote, nina ombi. Tarehe ishirini na nane mwezi huu, ambayo kwa hesabu ya mwezi mwandamo ni siku ya tisa ya mwezi wa tisa, usimwandalie Bibi Ok-hwa. Usimwekee bakuli la wali, usimmiminie pombe, usimwinamie. Najua hujawahi kuiruka siku hiyo tangu uhame, hata pale ulipolazimika kutumia pombe ya miwa ya huko. Mwaka huu iache. Sababu utaisoma hapa chini, na nakusihi uisome ukiwa umeketi.

Unakumbuka tulivyolelewa. Siku ya tisa ya mwezi wa tisa ni ya wafu ambao ndugu zao hawajui walikufa lini: waliozama, waliochukuliwa, waliotoka nyumbani wasirudi. Asiye na tarehe hupewa hiyo, ale pamoja na wenzake wasio na tarehe. Nyumbani kwetu Ikuno, mtaani Osaka, siku hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, dada mkubwa wa Bibi, aliyebaki Jeju majira ya baridi ya mwaka 1948, vijiji vya mlimani vilipochomwa moto na askari wa serikali. Bibi alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Mama yao alimsukumia ndani ya mashua ya magendo iliyokuwa ikienda Osaka. Ilikuwa na nafasi ya mmoja tu. Wewe, mjukuu wa kwanza, ulimimina pombe. Mimi nilibeba samaki. Na kila mwaka Bibi alitoa lalamiko lilelile, kwamba Ok-hwa wake analishwa kwenye foleni, na Ok-hwa hakupenda kusukumana tangu utotoni.

Hilo tu ndilo lililompandisha melini. Watu wanafikiri alitaka kuona maji ya bluu. Bibi alikwenda kutafuta siku. Alitaka, kabla hajafumba macho, kujua dada yake alikufa tarehe ngapi, ili amtoe kwenye umati na kumwandalia meza yake peke yake.

Safari iliandaliwa na chama cha wazee wa mtaa: Kobe, Naha, Ishigaki, Keelung, Jeju, Tsushima, kisha nyumbani. Mimi nilichaguliwa kumshika mkono. Wenzangu wa chama chetu chuoni walicheka mpaka wakakohoa. Waliniambia kwamba Komredi Mi-ryeong, aliyelala mbele ya lango la chuo kudai haki, sasa amepanda daraja, anakwenda kula kamba chini ya taa za vioo. Taa za vioo zipo, Kaka. Kamba wapo pia.

Kila alasiri, katika ukumbi wa sitaha ya sita, profesa mstaafu aitwaye Hayakawa alitoa mhadhara juu ya historia ya bandari za visiwa. Alisimulia hariri, vyombo vya kaure, maharamia, viazi vitamu vilivyosafiri kutoka kisiwa hadi kisiwa. Alisimulia vizuri, sikatai. Lakini ni bandari gani hiyo yenye shehena isiyo na watu? Nani aliyebeba? Nani aliyepakiwa chini ya shehena? Nani aliyeondoka bila kuaga, na nani aliyezuiwa kurudi? Siku ya tatu nilisimama nikamuuliza hayo yote kwa mfululizo, kwa sauti unayoijua. Bibi alinivuta shati.

“Kaa chini, Kipaza Sauti,” alisema. “Mwache mzee apumue.”

Ukumbi mzima ulicheka, na profesa naye alicheka, kisha akakiri kwamba swali langu lilikuwa kubwa kuliko saa yake. Nilikaa. Lakini tangu hapo nilianza kumtazama Bibi, nikagundua kwamba alikuwa na mhadhara wake mwenyewe, wenye swali moja.

Naha alimuuliza mama muuza mwani sokoni: nyinyi wafu wenu wasio na siku mnawafanyaje? Yule mama hakushangaa hata kidogo. Alimjibu kwamba vita viliwachukua wengi mno, kwa hiyo wote wamepewa siku moja ya Juni, na siku hiyo kisiwa kizima hunyamaza. Keelung, kule Taiwan, alimuuliza mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele ya duka la chai karibu na gati, na mzee alimjibu kwa Kijapani cha shule za zamani, kilekile cha Bibi. Baba yake mdogo alichukuliwa pale bandarini mwaka 1947. Alisema wao hawana siku, wana mwezi tu, basi humwandalia mwezi mzima, kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Bibi aliporudi melini alinieleza kwamba hao ni watu wenye bahati: mwezi ni kitu kikubwa kuwa nacho.

Hiyo ndiyo historia ya bandari niliyojifunza safarini, Kaka, na haikufundishwa sitaha ya sita.

Sasa Jeju. Unajua kwa nini hatukuwahi kuandika huko. Miaka yote ambayo Babu alifundisha Osaka katika shule zilizofuata upande wa Korea Kaskazini, barua iliyotoka nyumba kama yetu ingeweza kumponza aliyeipokea kule Kusini. Kwa hiyo tulinyamaza, tukaita unyamavu huo upendo. Unajua pia kwamba miaka ya sabini jirani mmoja alikwenda kisiwani na Bibi akamtuma akitazame kijiji. Alirudi akisema hakuna nyumba hata moja, kuna mianzi tu palipokuwa na nyua. Bibi aliuliza kama kuna mtu aliyesalia. Jirani alimwambia kuwa alimuuliza kila aliyekutana naye, na hakuna aliyejibu, hata kwa kutikisa kichwa. Tukahesabu kuwa hilo ndilo jibu.

Asubuhi tuliyotia nanga, abiria walipanda mabasi kwenda kuona maporomoko. Bibi alivaa koti lake jeusi, akabeba chupa ndogo ya pombe na kikombe, tukachukua teksi kupanda mlimani. Mfukoni mwangu nilikuwa na hotuba. Ndiyo, niliandika hotuba, kurasa nne, nikakusudia kuisoma mbele ya ile mianzi: juu ya serikali zinazoua kisha zikapiga marufuku kilio, juu ya ramani zinazofuta vijiji, juu ya mipaka inayochorwa na watu wasio na dada.

Mianzi tuliikuta. Kando yake kulikuwa na shamba dogo la machenza lililozungushiwa ukuta wa mawe meusi, na ndani yake mwanamke wa makamo mwenye kofia pana akikata matawi makavu. Alituona, akaita kutoka mbali:

“Mjomba, unamtafuta nani?”

Unakumbuka Ikuno, jinsi wazee wetu wote, wanaume kwa wanawake, walivyoitwa mjomba, na walimu wa Kijapani wakadhani hatujui tofauti ya mke na mume? Bibi hakuwa ameitwa hivyo tangu wenzake wa mtaani walipoanza kuzikwa. Alisimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake shuleni. Akajibu kwa lugha ya kisiwa, ile ya zamani, ambayo mimi na Kikorea changu cha vitabuni tuliisikia kwa shida. Alisema hamtafuti mtu, anatafuta mahali: nyumba ya akina Yang, iliyokuwa na kisima nyuma.

Mwanamke yule akaweka mkasi chini. Akauliza, wa nyumba hiyo yeye ni nani. Bibi akasema: ni mdogo, Chun-saeng.

“Hapana, mjomba,” mwanamke akasema, kwa upole, kama anavyorekebishwa mtoto. “Chun-saeng ni marehemu wetu. Huyo tunamlisha kila mwaka.”

Sitaki kuipamba saa hiyo. Nitakuandikia tu yaliyotokea. Bibi alimuuliza anayemlisha ni nani. Mwanamke akajibu: mama yangu. Bibi akauliza mama yake anaitwaje. Nami nilijua jina kabla halijatamkwa, nikamshika Bibi kiuno.

Ok-hwa hakufa mwaka 1948. Wanawake wapiga mbizi wa pwani walimficha katika pango la bahari hadi moto ulipopoa, kisha akaolewa mashariki ya kisiwa, mbali na yeyote aliyejua ametoka kijiji gani. Alisikia kwamba mashua ya Chun-saeng ilizama karibu na Tsushima. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, na kuuliza kulikuwa hatari. Basi akafanya wanavyofanya watu wetu mtu akipotea: alichukua siku ambayo mdogo wake aliondoka nyumbani, ya mwisho ya mwezi wa kumi kwa mwezi mwandamo, ambayo mwaka huu itaangukia Desemba, akaifanya siku ya kifo chake. Baadaye, woga ulipopungua kidogo, alilinunua shamba lile lililopakana na kiwanja chao na kulipanda machenza, bila kumweleza mumewe kwa nini anataka shamba la mbali hivyo. Yule jirani wetu alipopita miaka ya sabini, huenda alipita mbele yake. Huenda alimuuliza yeye mwenyewe, naye akainama akachuma. Nani angemlaumu? Kisiwa kizima kilikuwa kimeuma ulimi.

Ameishi miaka themanini na mitano. Alifariki Januari iliyopita, Kaka. Kwa mwezi mwandamo, siku ya kumi na moja ya mwezi wa kumi na mbili.

Bibi aliifuata tarehe, na tarehe akapewa. Miezi tisa tu imetutenga na mtu mwenyewe. Nimeiuliza bahari, nimeiuliza mianzi, nakuuliza na wewe: mahakama gani itaisikiliza kesi hii? Dada wawili, kila mmoja upande wake wa maji, kila mmoja amepiga magoti mbele ya wali wa mwenzake aliye hai, akimsihi aje ale. Tulipokuwa tukimwita Ok-hwa mezani kwetu Ikuno, alikuwa shambani ana matope miguuni. Alipokuwa akimwita Bibi, Bibi alikuwa jikoni akitugombeza sisi.

Yeon-suk, hilo ndilo jina la binti yake, shangazi yetu, alikaa chini kwenye majani akajifunika uso kwa kofia yake. Alikuwa akirudia kwamba anaomba radhi. Kumwandalia aliye hai kana kwamba amekufa, kwa watu wetu, ni sawa na kumwita kifo. Bibi alimshika bega akamuuliza jambo ambalo sikulitarajia: walikuwa wakimwekea chakula gani?

Yeon-suk alisema samaki, majani ya mlimani, na siku zote mikate ya shayiri iliyopikwa kwa mvuke, kwa sababu mama yake alishikilia kwamba Chun-saeng aliipenda kuliko kitu chochote.

Bibi alicheka. Naapa alicheka, kwa sauti, hadi ndege wakaruka kutoka kwenye mianzi.

“Siipendi,” alisema. “Yeye ndiye aliyeipenda. Mimi nilikuwa nampa yangu. Miaka yote hii aliniwekea, na baada ya tambiko akaila yeye. Mjanja yule.”

Kisha kicheko kikageuka bila kubadilisha sauti yake, na nikatambua kuwa sijawahi kumwona Bibi akilia. Wewe umewahi? Mimi nilidhani machozi yake yaliishia ndani ya ile mashua.

Tulikwenda kaburini. Liko ukingoni mwa shamba, limezungushiwa mawe, na nyasi zake bado hazijashikana. Bibi alimimina pombe. Hakumlilia marehemu kama wanavyoliliwa marehemu. Alimgombeza, kama dada. Alimwambia kwamba ni mvivu, kwamba alishindwa kungoja kidogo tu, kwamba siku zote yeye ndiye aliyechelewa shuleni ila safari hii ameamua kuwahi. Alizungumza hivyo hadi dereva wa teksi akaja kutuambia kuwa meli haitatungoja. Hotuba yangu ilibaki mfukoni. Niliifukia baadaye chini ya mti wa machenza, si kwa sababu si kweli. Kila neno lake ni kweli, na siku moja nitalisema mbele ya wanaopaswa kulisikia. Lakini pale palikuwa na mtu anayezungumza na dada yake, na nilijua kukatiza mazungumzo hayo ni dhuluma nyingine.

Jana tulivuka kuja hapa Tsushima. Profesa Hayakawa alikuwa ameandaa mhadhara juu ya mabalozi wa kale waliopita bandari hii na zawadi zao. Alianza, kisha akaacha. Akasema kwamba kuna jambo aliloliacha nje: miaka ile maji yalileta miili kutoka Jeju hadi fukwe za kisiwa hiki, na watu wa hapa waliizika bila kujua majina. Sijui nani alimweleza habari zetu. Melini hakuna siri. Hakututazama. Bibi aliinamisha kichwa, na profesa naye akainamisha chake. Leo asubuhi tulishuka, Bibi akamimina pombe iliyobaki majini. Alisema nafasi ya Ok-hwa kwenye ile foleni sasa iko wazi, basi siku ya tisa tumpe mmoja wa hawa. Kwa hiyo, ukipenda, weka bakuli lako, Kaka. Ila usiseme jina la Ok-hwa. Sema: wewe uliyefika Tsushima.

Tangu Jeju anakula kidogo sana. Daktari wa meli anasema moyo umechoka, na kwamba umri ni umri. Anakunywa supu, analala, anaamka, ananiuliza kama tumefika nyumbani, na sijui anauliza nyumba ipi. Baba yangu, baba yako mdogo, nimempigia simu. Ameniuliza tu kama nimekula.

Na sasa jambo ambalo Bibi ameniagiza nikuandikie, kwa kuwa wewe ni mjukuu wa kwanza na neno hili halipiti bila wewe. Wakati wa kuagana bandarini, Shangazi Yeon-suk aliuliza kwa aibu wafanye nini sasa na ile siku ya mwisho ya mwezi wa kumi. Waifute? Waombe radhi kwa mizimu? Bibi alikataa. Alisema Ok-hwa alimchagulia siku hiyo akiwa na miaka kumi na saba, peke yake, bila mtu wa kumsaidia kuhesabu, na kwamba hakuna zawadi kubwa zaidi aliyowahi kupewa na mtu.

Leo jioni amelirudia, akiwa amelala, macho yake yakitazama dirisha la duara.

“Mwandikie Seong-hwan,” alisema. “Nikifa siku nyingine yoyote, asiihesabu. Siku yangu ninayo. Na mikate ya shayiri waweke. Atakuja kuila.”

Nilitaka kubishana, Kaka. Wewe unanijua, nimebishana na wakuu wa vyuo na askari wa lango. Nilitaka kumwambia kwamba hafi, kwamba Desemba tutarudi Jeju, aketi mbele ya tambiko lake mwenyewe na alile lote. Nilifungua mdomo. Alikuwa ameshafumba macho, na mkono wake juu ya blanketi ulikuwa umekunjwa kama unaoshika kitu kidogo cha mviringo anachotaka kumpa mtu.

Anangoja jibu lako. Tafadhali lisichelewe. Katika ukoo huu tumekwisha kuchelewa inavyotosha.

Nisalimie Wifi Marisa, na umbusu Jun kwenye utosi. Baba yangu In-cheol anakusalimu, na Mama anauliza kama nguo za baridi alizotuma zilifika. Pokea pia salamu za mtu mpya, Shangazi Yang Yeon-suk wa Jeju, samahani, Kang Yeon-suk. Mkono wangu unamrudisha wenyewe kwenye ukoo wa mama yake. Bibi anakusalimu. Anasema ufunge kifua vizuri.

Wote waliovuka maji kabla yetu wakulinde wewe na nyumba yako, waliofika na wasiofika. Na Mungu wa Wifi, ikiwa ana nafasi, awalinde pia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kwa hasira na kwa machozi,

Bu Mi-ryeong